Nati za Upande wa Kushoto

Pikapu ya marehemu Walijan ilisimama katikati ya uwanja wa kituo cha polisi cha Torkandi, haina kioo cha mbele, mlango wa dereva umefungwa kwa kamba. Chini yake alikuwa amelala Inspekta Sarbiland, miguu tu ikionekana. Kila aliyepita getini aliikodolea macho ile miguu. Inspekta mzima, mwenye nyota begani, kugaragara mavumbini kama utingo! Wengine walicheka waziwazi. Sarbiland aliwasikia, akawaacha wacheke. Kabla hajawa mpelelezi alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya magari ya polisi kule Quetta, na huko ndiko alikojifunza kwamba gari halisemi kitu mpaka uliulize vizuri. Watu husema hata usipowauliza.

Na watu walikuwa wameshasema. Mji mzima ulikuwa umeimaliza kesi hii kabla yeye hajaifungua. Walijan alikuwa akiteremka mlimani na shehena ya tufaha. Alipofika kwenye kona ya Surkanda, gari likavuta kulia ghafla, likavuka barabara na kujitupa kwenye mtaro wa mawe. Likabiringika, mlango ukafunguka, Walijan akarushwa nje na kukata roho kabla watu hawajamfikia. Siku chache kabla ya hapo gari hilohilo lilikuwa mikononi mwa binamu yake, Baryal, na wawili hao walikuwa hawapeani hata salamu tangu walipogombania zamu ya maji ya kumwagilia mashamba. Polisi walikwenda nyumbani kwa Baryal wakakuta spana kubwa. Waliijaribu kwenye nati zinazobana springi za nyuma, ikaingia sawasawa. Tena nati za upande wa kulia zilikuwa na alama mpya za spana, zinang'aa. Nani angehangaika kuuliza zaidi?

Mkuu wa kituo hakuhangaika. "Andika mauaji tupumzike," alimwambia Sarbiland. Jalada likiandikwa hivyo, Baryal alikuwa anangojewa na kitanzi. Likiandikwa ajali, bila ushahidi wa kumtosheleza Haji Pasand, baba wa marehemu, Baryal angetoka getini asifike sokoni. Wapwa wa Haji walikuwa wamekaa nje na bunduki zao, wakipokezana zamu, wametulia kama watu wanaosubiri chakula kiive. Sarbiland aliliona jambo lenyewe lilivyo baya: mtu mmoja, milango miwili ya kutokea, na kila mlango una kaburi lake.

"Lalak!" aliita kutoka chini ya gari. "Mlete Baryal hapa."

"Hapa uwanjani, afande? Watamwona hao wa nje."

"Wamwone. Mtie pingu umlete."

Koplo Lalak alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye maoni juu ya kila jambo. Alimleta mahabusu akimsukuma begani. Baryal alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu, nguo alizokamatwa nazo bado ziko mwilini. Sarbiland alitoka chini ya gari, akakaa juu ya tairi kuukuu, akijifuta mikono.

"Gari hili alikupa nani?"

"Mama yake Walijan. Mke wangu alikuwa na uchungu wa uzazi, mtoto amegoma kutoka. Nilimwendea mama. Walijan mwenyewe alikuwa palepale uani. Aligeuza uso tu, akamwacha mama yake anipe ufunguo."

"Hakusema neno?"

"Tulikuwa hatusemezani, afande. Lakini hakuninyima. Mgonjwa ni mgonjwa."

"Mkeo anaendeleaje?"

"Yeye alipona. Mtoto hakupona."

Lalak alikohoa, akatazama pembeni.

"Na spana? Uliitumia kwenye gari hili?"

"Niliitumia."

"Si nilisema!" Lalak alijipiga paja. "Kakiri mwenyewe, afande. Nani mwingine asikie?"

"Nyamaza, Lalak. Uliitumia kufanya nini?"

"Gari lilikuwa linagonga. Ko! unapoondoka. Ko! tena unaposhika breki. Mke wangu yuko nyuma kwenye godoro, kila likigonga analia. Nilipomfikisha hospitali nikatoa spana yangu, natengeneza pampu za visima, siachani nayo. Nikaingia chini. Mlio ulikuwa kulia, nikazikaza nati za kulia kwa nguvu zangu zote."

"Likanyamaza?"

"Halikunyamaza. Nikadhani kazi hii siijui."

"Ukamwambia Walijan?"

Baryal aliinamisha kichwa. "Ningemwambiaje? Tumegombana, kanipa gari, halafu nilirudishe na kusema ni bovu? Angeona namtukana. Nilimpa mama ufunguo, nikashukuru, nikaondoka."

"Hadithi imenyooka," Lalak alisema baada ya kumrudisha mahabusu. "Mwongo huyu kafundishwa na nani? Kila gari hugonga, afande. Hata mimi nikipanda ngazi nagonga."

"Ndiyo maana tutasikiliza hili linagonga wapi. Panda nyuma ulale kifudifudi, sikio sakafuni."

"Kwa tumbo hili?"

"Lilaze nalo."

Ripoti ya kwanza ilisema kwamba mhimili wa nyuma ulikuwa umesogea nyuma upande wa kushoto kwa sababu ya kipigo cha mtaro. Sarbiland hakuipenda hiyo "kwa sababu". Asubuhi ile alikuwa ameurudisha mhimili mahali pake kwa jeki na mtaimbo bila kuigusa nati hata moja, na Lalak alikuwa amepiga picha ya kila nati, zote nane, akilalamika kwamba hajawahi kuona maiti wenye sura mbaya kama hawa. Injini ilikohoa, ikawaka. Sarbiland akalizungusha gari uwanjani polepole, juu ya mawe na mashimo, akisikiliza.

Lilikuwa na kelele za kutosha gari tatu. Ya kwanza ilikuwa minyororo midogo iliyoning'inia kwenye bampa, na katikati yake kiatu chakavu cha kuzuia kijicho. Lalak alikubali kuitoa minyororo, kiatu akakikataa kabisa.

"Kilimsaidia nini?" Sarbiland aliuliza.

"Huwezi kujua, afande. Bila kiatu pengine ingekuwa vibaya zaidi."

"Zaidi ya kufa?"

Lalak alifikiri kidogo, kisha akakifunga kiatu kwa kitambaa kisilie, akakiacha palepale.

Kelele ya pili ilikuwa mbele: takataka-taka kwenye kila changarawe. Ilitoka kwenye kifimbo cha stablaiza, kile kinachozuia gari lisiyumbe, bushi zake za mpira zimeliwa. Sarbiland alikata vipande vya tairi akavikandamiza hapo, ikanyamaza. Ya tatu ilikuwa kilio kirefu cha chuma kikavu kwenye ncha za springi, kama mlango wa zizi. Hiyo aliimaliza kwa grisi. Ya nne iligonga kila gurudumu lilipoingia shimoni. Aliitafuta akaikuta kwenye shokapu ya kulia, bolti yake ya juu imelegea. Lalak alifurahi, akasema ndiyo hiyo, kesi imekwisha. Sarbiland aliikaza ile bolti, akaliendesha gari tena.

Ko! Lilipoondoka. Ko! Liliposhika breki.

Katikati hapo, juu ya mawe na mashimo, kimya. Mlio wa shokapu huja na shimo, na huu haukujali shimo. Ulikuja pale tu magurudumu ya nyuma yalipolazimishwa kusukuma au kusimama. Kitu kilichotakiwa kuwa kimeshikwa kilikuwa kinachezacheza, na kitu chenyewe si kidogo.

"Wapi?" Sarbiland aliuliza.

"Kulia!" Lalak aliinua uso uliojaa vumbi. "Chini kabisa ya sikio langu hili."

"Una hakika?"

"Nikatwe hilo sikio kama nadanganya."

"Shuka ushike usukani wewe. Ondoka kidogo, simama. Ondoka, simama."

Sarbiland alichuchumaa nyuma ya gurudumu la kulia, akaweka kiganja kwenye bamba linalobanwa na yubolti, vile vyuma vilivyopinda na kuukumbatia mhimili pamoja na springi. Gari likaondoka, likasimama. Mlio ulisikika, lakini chuma chini ya kiganja chake kilitulia tuli. Akahamia kushoto, akaweka kiganja vilevile. Ko! Bamba likaruka, nusura limbane kidole.

Alimwita Lalak, akamwekea mkono mahali pale huku yeye akiendesha. Lalak aliutoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Kushoto! Lakini mimi nimesikia kulia, afande, haki ya Mungu."

"Umesikia sawa. Chuma kinagonga kushoto, mlio unapita kwenye chesisi, unatokea kulia ambako bodi imelegea. Aliyekaa ndani ya gari hawezi kuujua ulikozaliwa. Uliapa ni kulia. Baryal naye kasema ni kulia. Kama yeye ni mwongo, na wewe nikutie pingu."

Lalak alilifunika kwa kiganja sikio aliloliapia.

"Sasa njoo uone nati zenyewe." Sarbiland alilala tena chini, na safari hii koplo akalala ubavuni mwake akihema. "Hizi za kulia. Spana imepita, ni kweli, kila pembe inang'aa. Lakini tazama chini ya nati, kwenye nyuzi za yubolti. Unaona pete ya chuma safi, bila vumbi?"

"Naiona."

"Hapo ndipo nati ilipokuwa imekaa mwanzo. Imepanda juu ikapaacha peupe. Nati ikipanda, imekazwa au imelegezwa?"

"Imekazwa," Lalak alisema polepole.

"Angelegeza, ingeshuka, na hiyo pete safi ingekuwa juu yake. Aliyeshika spana hapa alikuwa anakaza. Muuaji gani huyo? Haya, na hizi za kushoto. Tope na mafuta vimegandia nati na yubolti pamoja, gamba zima, halina hata ufa. Tangu siku ya kufungwa hakuna spana iliyozigusa."

"Lakini zimelegea!"

"Zimelegea bila kuzunguka. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa tangu jana."

Alizifungua. Alipozitenganisha springi za kushoto, senta bolti, ule msumari mnene unaopita katikati ya majani ya springi, yale mabamba ya chuma yaliyopandana, kuushikilia mhimili usisogee, ilitoka vipande viwili. Sehemu kubwa ya mkatiko ilikuwa na kutu, na mahali padogo tu palikuwa peupe. Haikukatwa na mtaro. Ilikuwa imekufa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, na kwenye kona ya Surkanda ikamalizika. Mhimili ukarudi nyuma upande mmoja, tairi ikasugua ukingo wa nyuma wa bodi na kuuacha mweusi, na gari likaelekea kulia hata dereva azungushe nini. Walijan alikwenda kufa ameshika usukani usiosikia.

Katikati ya majani ya zamani kulikuwa na moja jipya, lenye rangi nzito iliyominywa ikabanduka. Sarbiland aliligeuza mkononi, na kichwa kikaacha kumuuma, moyo ukaanza.

Watu wa Torkandi huongeza jani kwenye springi kila msimu wa tufaha ili gari libebe zaidi ya uwezo wake. Jani jipya na rangi yake hubonyea kwenye mzigo wa kwanza, na nati iliyokuwa imekazwa kabisa ikabaki imeshika hewa. Kila fundi analijua hilo. Kila fundi humwambia mwenye gari: beba mzigo mmoja, kisha rudi nikukazie.

Aliweka senta bolti mpya, akarudisha majani, akakaza nati nne kwa kuzipishana, moja hapa, moja kule, mpaka bomba alilochomeka kwenye spana likagoma. Akaliendesha gari kuzunguka uwanja. Likaondoka kimya, likasimama kimya. Lalak, aliyelala nyuma bila kuamriwa, alinyanyua kichwa na kusema, "Hamna kitu, afande." Kule kukaza peke yake kulikuwa kazi ya kufanywa huku chai yako ikipoa kidogo. Sarbiland alizima injini, akakaa kwenye usukani wa mtu aliyekufa, akamlaani mtu ambaye alikuwa bado hajamjua.

Torkandi nzima ina karakana moja ya springi, ya Fundi Mehrab, nyuma ya soko la mbao. Sarbiland alimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba, tanuri baridi, nyundo zimepangwa ukutani bila kazi. Mwanawe wa pekee alikuwa amefukiwa na mgodi wa makaa, na Sarbiland alikuwa hajapata nafasi ya kumhani. Kwa hiyo alifanya linalofanywa. Alivua viatu, akakaa, akainua mikono, Lalak naye akainua, wakamwombea dua kijana yule, wakajipangusa nyuso. Chai ya kijani ikaletwa. Wakainywa. Muda wote huo swali lilikuwa mdomoni mwa Sarbiland na hakuweza kulitema. Mtu hamuulizi mfiwa habari za springi wakati kikombe cha kuhani kiko mkononi. Alipokiweka chini kikombe ndipo alipopiga moyo konde.

"Fundi, nisamehe. Nimekuja kukukosea adabu."

"Uliza, mwanangu. Nilijua utakuja."

"Jani la pikapu ya Walijan uliliweka wewe?"

"Mimi. Pande zote mbili."

"Ulimwambia arudi?"

"Nawaambia wote."

"Alirudi?"

"Alirudi."

"Ukakaza?"

Fundi Mehrab alikizungusha kikombe kitupu kiganjani. "Alirudi siku ya matanga," alisema. "Aliliegesha hapo, karibu na shimo la kazi. Nililisikia likiingia. Ukiwa ndani utadanganyika, lakini mimi nilikuwa nje. Ko, aliposhika breki. Nikajua kushoto. Nikajua nati zimeachia, na senta bolti inaondoka."

"Ulijua yote hayo."

"Niliyajua nikiwa nimekaa hapa nilipokaa sasa."

"Basi kwa nini hukuinuka?" Sauti ya Sarbiland ilipanda, naye hakujali. "Mzee mzima! Mtu anaondoka na kifo chake chini ya gari, wewe umekaa!"

"Wewe ulipoingia sasa hivi ulianza na nini, Inspekta? Na swali?"

Sarbiland alikitazama kikombe alichokiweka chini.

"Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani," fundi aliendelea. "Mullah kainua mikono. Mfiwa ni mimi. Mfiwa aache dua ya mwanawe ashike spana? Wangesema nini? Na yeye Walijan alikaa, akaomba, akanywa chai. Nilimwona analitazama sanduku la spana. Akaniona nimemwona. Alipoinuka kuaga, akaweka mkono kifuani, akasema polepole, 'Fundi, baba kaniambia nisikusumbue leo kwa neno jingine. Nitakuja matanga yakiisha.' Nikamwambia, 'Nenda na Mungu.'" Alikiweka kikombe chini. "Ndivyo nilivyomwambia. Nikalisikia likiondoka. Ko. Na matanga hayakuisha kabla yeye hajafa."

Lalak alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati, bila kujificha. Sarbiland hakuwa na machozi. Alikuwa na hasira isiyo na mahali pa kukaa. Tangu asubuhi alikuwa akimtafuta mzembe, na sasa kila aliyemgusa alikuwa na adabu zake timamu.

"Baryal alilichukua gari baada ya siku hiyo?"

"Baada yake. Lilikuwa linagonga kabla yeye hajaligusa. Hilo naweza kuapa."

"Utaapa mbele ya Haji Pasand?"

"Hao wapwa zake wanaweza kunipiga risasi."

"Wanaweza. Sitakudanganya."

Fundi Mehrab alitafuta viatu vyake kwa miguu. "Twende. Karakana sina wa kumwachia tena."

Haji Pasand alikuwa amekaa nje ya geti la kituo, kwenye kitanda cha kamba walichomwekea, kilemba cheupe, fimbo kati ya magoti. Wapwa zake walisimama nyuma yake. Alikuwa mzee mrefu, anayeheshimiwa, ambaye maishani mwake hakuna aliyewahi kumwona akila kabla ya mgeni wake kula.

"Umeandika, Inspekta?"

"Bado, Haji. Kwanza msikilize fundi."

Fundi Mehrab alisimama mbele yake akasema yote, bila kuruka neno: jani jipya, mzigo wa kwanza, ule mlio, dua, na jinsi alivyobaki amekaa. Aliposema "nilijua, nikanyamaza," mmoja wa wapwa aliishusha bunduki begani akaishika kwa mikono miwili. Sarbiland akasogea akasimama kati yao. Fundi hakutikisika. Aliendelea mpaka akafika kwenye maneno ya kuaga, 'baba kaniambia nisikusumbue,' na hapo Haji Pasand aliinua mkono, wala haikujulikana anamzuia mpwa wake au anamzuia fundi.

"Mmemleta mzee mwenzangu aape uongo," alisema. "Nati! Mnataka niamini mwanangu kauawa na nati?"

"Nati hazikuguswa na Baryal, isipokuwa za kulia, nazo alizikaza. Ushahidi ninao, nitakuonyesha kwa macho yako." Sarbiland alichuchumaa mbele ya kitanda ili uso wake uwe sawa na wa mzee. "Lakini hilo linaweza kungoja. Haji, asubuhi ile ya matanga Walijan alikuambia nini?"

"Aliniambia anakwenda kwa Mehrab kuhani."

"Na gari?"

Haji alikirekebisha kilemba chake.

"Haji. Na gari?"

"Alisema linagonga." Mzee aliitazama fimbo yake. "Alisema atamwomba fundi amkazie mara moja, au hata amwazime spana tu akaze mwenyewe, kisha aingie matangani. Nikamwambia…" Aliichomeka fimbo mavumbini. "Nikamwambia, 'Wewe huna haya? Mtu kazika mwanawe, wewe unampelekea nati? Kaa, omba dua, nyamaza, urudi.' Akasema, 'Sawa, baba.'"

Wapwa walitazamana. Bunduki ilirudi begani yenyewe.

"Lilikuwa jambo la adabu," Haji alisema. "Nilimlea hivyo."

"Najua."

Haji Pasand aliushika mkono wa Sarbiland, akamvuta karibu, akaongea kwa sauti ya chini kabisa. "Andika Baryal."

"Haji!"

"Nakuomba. Sijawahi kumwomba mtu. Yule ni kijana mgomvi, kila mtu anajua. Mtoto wake mwenyewe kafa, ana nini tena? Andika Baryal."

"Siwezi."

"Basi andika fundi."

Fundi Mehrab alisikia. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyeulizwa kama chai imetosha, na hilo ndilo lililomshinda Sarbiland kulitazama.

"Siwezi, Haji. Hakuna atakayenyongwa kwa hili. Hakuna."

Alisimama akampigia Lalak kelele amfungulie mahabusu. Baryal alitoka bila pingu, akapepesa macho kwenye jua, akaona bunduki akasita. Lalak akamshika kiwiko, safari hii kwa upole, akamtembeza mpaka getini. Wapwa walimtazama mzee wao wakingoja ishara. Mzee hakuinua kichwa, nao wakampisha.

Baryal alisimama mbele ya kitanda. "Ami," alisema.

Kijana alingoja kidogo, kisha akashika njia ya hospitali alikokuwa bado amelazwa mkewe, akitembea upesi, akigeuka nyuma mara kwa mara. Mazoea ya woga hayaishi siku moja.

"Mama yake Walijan," Haji Pasand alisema, hakusema na mtu, "kila nikirudi nyumbani ananiuliza ni nani aliyemuulia mwanawe. Leo nimemwahidi nitarudi na jina."

Sarbiland alikuwa mtu wa kusema ukweli kwa ukali, na safari hii alitamani angekuwa na uongo wa kumpa. Hakuwa nao.

"Unalo, Haji," alisema. "Mpelekee."

Mzee aliegemea fimbo akainuka. Mmoja wa wapwa alinyoosha mkono kumsaidia, akausukuma kando. Akaanza kutembea kuelekea nyumbani peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.